Mlango wa Ukurasa wa Mia na Kumi na Mbili

14 Januari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, magoti ya Mama yamepunguza kelele, na kule kwenye karakana ya miwani bado wanakungoja wewe uone wasichokiona wao. Mimi sijambo. Shule imefunguliwa, mwenzangu kaenda likizo ya uzazi, madarasa yake nimetwikwa mimi, na koo limenikauka kama chaki.

Haya, salamu zimetosha. Nina neno.

Vitabu vipya vya mtihani vimefika. Nilipofungua katoni ya kwanza nikakutana uso kwa uso na Shemeji. Yuko kwenye jalada la nyuma, kashika kidevu kama mtu anayeumwa jino. *Mwanamke Juu ya Kizingiti*, riwaya ya ukandamizaji na ukombozi. Mwalimu mkuu alitangaza mstarini kwamba mtunzi ni mume wa dada yangu, na tangu siku hiyo walimu wenzangu wananipisha mlangoni kama mjane wa rais.

Nimekisoma kwa siku mbili. Kusema kweli kinasomeka, na mara kadhaa nilicheka pale ambapo mwenyewe hakukusudia nicheke. Halafu nikafika ukurasa wa 41, mume anapochora mistari ya kalamu kwenye chupa ya sukari. Mwongozo wa mwalimu unasema, nanukuu: "Mistari hiyo ni ishara ya mipaka iliyochorwa na wakoloni, na sukari ni rasilimali za taifa."

Mimi nilidhani ni mistari ya Bwana Vipimo.

Nakukumbusha, maana miaka tisa imepita na wewe una mengi: yule mfamasia niliyeolewa naye miezi kumi na minne, aliyepima kila kitu hadi majani ya chai. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alichora mstari pale sukari ilipoishia, na jioni aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha kuangalia kama nimeonja. Habari hiyo nilimwandikia mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo ni wewe. Hata Mama hajui. Sasa wanaijua wasichana mia mbili na arobaini, na huenda ikatoka kwenye mtihani.

Sipigi simu kwa sababu kwenye simu wewe husema "salama, salama" kisha unampa Mama. Kwenye karatasi utanijibu.

Mdogo wako,
Chiriku


9 Februari

Mdogo wangu Chiriku,

Marahaba. Barua yako ilifika ikiwa imelowa pembeni, lakini maneno yako huwa hayafutiki hata kwa sabuni. Mama hajambo. Nimemtengenezea miwani mpya, sasa anaona vumbi lililokuwa halimsumbui, na nyumba nzima tumo kwenye adhabu. Kazini tumepata mteja anayetaka miwani yenye vioo vitupu ili afanane na msomi. Nilimwambia inawezekana, na wengi wameshafanikiwa.

Umeniuliza habari za mwandishi wetu. Tangu kitabu chake kichaguliwe, anavaa koti ndani ya nyumba. Ukimwambia ainue ndoo, anatafakari. Juzi bomba la jikoni lilipasuka, nikamwita. Alisimama mlangoni, akayatazama maji yanavyotiririka, akasema, "Unaona? Hii ni taswira ya wakati." Nikamwita fundi bomba, ambaye hajasoma sana, akaiziba hiyo taswira kwa dakika kumi.

Kuhusu sukari. Chupa za sukari zimejaa duniani, mdogo wangu, na wanaume wenye mkono wa birika nao hawajapungua. Usiwe kama mtu anayesikia kikohozi barabarani akageuka akidhani ameitwa yeye. Wewe fundisha kitabu, wasichana wafaulu, basi.

Unakula? Mara ya mwisho ulikuwa umekonda hadi miwani ilikuwa inakushuka puani. Nitumie vipimo vipya.

Dada yako


27 Februari

Dada,

Shikamoo. Ninakula. Ninasinzia pia, na ninafua nguo. Vipimo vya miwani utavipata mwisho wa barua, nisije nikasahau nilichokusudia kuandika.

Darasani tumefika mbali. Wasichana wamekipenda kitabu, hilo sina budi kumpa Shemeji. Yuko mmoja anayekaa dawati la mwisho, tunamwita Wakili kwa sababu hata ukimwambia "kaa chini" atakuuliza kwa kifungu kipi. Nilipowasomea mwongozo, sukari ni rasilimali za taifa, akanyoosha mkono: "Mwalimu, na kama ni sukari tu? Yule mama hakuwa na njaa ya taifa. Alitaka chai tamu." Darasa likaangua kicheko. Nikawaambia waandike rasilimali za taifa, kwa kuwa msahihishaji atataka rasilimali za taifa. Nilijiona kama karani wa Bwana Vipimo.

Halafu tukafika ukurasa wa 108. Mwanamke anatoroka. Mume amemfungia viatu vyake kabatini, kwa hiyo anavaa vya mume, vikubwa kama mitumbwi, anavikaza miguuni kwa bendeji, anatembea kwenye mvua kwenda kwa dada yake. Mwongozo haukulala: viatu vya mume ni mwanamke kutwaa madaraka, bendeji ni majeraha ya taifa, mvua ni utakaso.

Nilisoma ukurasa ule nimesimama. Halafu nikawaambia wasichana wasome kimyakimya, nikatoka nje kidogo.

Kwa leo sisemi zaidi kuhusu viatu. Nauliza swali moja jepesi: barua zangu za miezi ile kumi na minne ziko wapi? Nazitaka. Ni zangu, ingawa nilikuandikia wewe.

Chiriku

Jicho la kulia limezidi kidogo, la kushoto ni lilelile. Nimekuwekea cheti cha daktari.


11 Aprili

Mdogo wangu,

Naomba unisamehe kwa kuchelewa. Mama alikuwa na homa, kisha mashine ya kusugulia vioo ikaharibika, kisha mimi mwenyewe nikashikwa na mgongo. Miwani yako nimeituma na dereva wa mizigo. Nimeitia fremu nzito, maana nyepesi huzivunja kwa kuzivua kila unapokasirika.

Barua zako ziko salama. Ziko juu ya kabati ndani ya bahasha. Posta siiamini. Nitakupa siku tutakayoonana.

Na mambo ya viatu: mwanamke anayekimbia huvaa kilicho karibu na mlango. Hilo hata mtoto angeweza kulitunga. Bendeji iko kwenye kila nyumba. Sioni kwa nini uling'ang'anie.

Habari kubwa ni kwamba mwalimu mkuu wako amemwalika Mwandishi aje kuzungumza na wanafunzi mwezi wa tano. Amekubali. Ameshaanza mazoezi, anasimama mbele ya kioo cha chumbani na kusema "mabinti zangu" kwa sauti tatu tofauti, aone ipi inafaa. Mimi sitakuja. Mama hawezi kuachwa peke yake, na Mwandishi anasema safari ya msanii ni ya upweke. Nimempigia pasi mashati manne ya upweke wake.

Mpokee vizuri. Chai anywe ya moto sana. Na usimuulize mambo mengi, safari humchosha.

Dada yako


23 Mei

Dada,

Shikamoo. Mgeni wako alifika, akala, akasema, akaondoka. Nakusimulia yote, kisha nakuuliza.

Wasichana walifagia ukumbi tangu alfajiri na kubeba viti mia mbili na arobaini kutoka madarasani. Ukutani tulitundika kitambaa: KARIBU MTETEZI WA WANAWAKE. Mtetezi alikaa kwenye kiti pekee chenye mto. Alipotaka chai, mwalimu mkuu alinitazama mimi, nami nikaenda kuileta, ya moto sana kama ulivyoagiza. Kisha akazungumza saa moja na nusu juu ya umuhimu wa kuwaacha wanawake wazungumze. Makamu wa mwalimu mkuu alijaribu kuongeza neno mara mbili, Mtetezi akamkatiza mara mbili, kwa heshima.

Ukafika wakati wa maswali. Wakili akanyanyuka na kitabu chake kilichojaa vipande vya karatasi.

"Ukurasa wa 112," akasema. "Mdogo anabisha hodi, dada anafungua na kusema, 'Ingia, mdogo wangu, nyumba hii haina mlango kwako,' machozi yakimdondoka kama lulu. Nauliza, mbona dada huyu hana kosa hata moja? Kila mtu kitabuni ana kosa. Dada zetu sisi wana makosa."

Shemeji akacheka, akaegemea nyuma. "Binti, hapo umenishika. Mimi nilitaka dada asifungue. Mlango ubaki umefungwa, mvua inanyesha, msomaji anaumia. Hiyo ndiyo sanaa! Lakini aliyekuwa ananichapia mswada ni mke wangu. Alipofika hapo akaacha kuchapa. Siku sita nzima! Akaniambia, 'Usipoufungua huo mlango, tafuta mchapaji mwingine.' Nikaufungua. Mnawajua wanawake, wana huruma."

Ukumbi mzima ukacheka. Mimi nilikuwa nimeshika birika, na sikucheka.

Sasa nasema ambacho sijakisema kwa miaka tisa. Siku niliyomtoroka Bwana Vipimo nilifika kwako saa nne asubuhi. Mama alikuwa kwa mjomba, hilo nalijua. Nilibisha. Nikaita jina lako. Pazia la dirisha la mbele likatikisika, nikajiambia ni upepo, ingawa dirisha lilikuwa limefungwa. Nilikaa kizingitini hadi saa tisa. Kisha nikaondoka, nikaenda kwa yule mama aliyekuwa mpishi wa chuo nilichosomea ualimu, mtu ambaye hatuna udugu hata wa jirani. Alinifungulia kabla sijamaliza kubisha. Nilikaa kwake miezi minane. Kitabuni hayumo hata kwa mstari mmoja, kwa sababu wakati ule nilikuwa nimeacha kukuandikia.

Baadaye uliniambia siku ile ulikuwa kazini. Nilikubali. Kukubali kulikuwa rahisi kuliko kukosa dada.

Lakini viatu, Dada. Viatu vya Bwana Vipimo, na bendeji niliyovikazia. Nilivitupa kwenye jalala la stendi jioni ileile na kufika kwa mpishi miguu mitupu. Sikumwandikia mtu habari hiyo wala sikumsimulia. Anayejua viatu vile ni mtu aliyeviona siku ile, miguuni mwangu, kupitia dirishani.

Mwongozo unanitaka nitunge swali la mtihani wa majaribio: "Undugu wa wanawake ni ngome dhidi ya ukandamizaji. Jadili." Nijadili vipi, Dada? Niambie.

Chiriku


1 Juni

Chiriku,

Umeona tarehe. Barua yako imefika jana. Safari hii hakuna homa wala mgongo.

Nilikuwa nyumbani. Pazia nililishika mimi.

Bwana Vipimo alikuwa amepiga simu alfajiri, akasema umetoroka na kwamba atakayekupokea watakutana kituo cha polisi. Mwandishi alikuwa chumbani anamalizia hadithi yake ya kwanza. Uliposikika ukibisha alisema bila kutoka, "Ukifungua hapo utakuwa umefungua mengi. Fikiri." Ningependa sana kumtupia yeye mzigo wote, na mgongo wake mpana wa kitabu ungeubeba. Lakini hakunishika mkono. Komeo lilikuwa upande wangu.

Nilikutazama kwa muda mrefu. Niliona viatu vile vikubwa na ile bendeji iliyochafuka matope, na moyo wangu haukusema "maskini mdogo wangu." Ulisema, "Huyu amethubutu." Nilikuwa na miaka sita kwenye ndoa yangu, nikijiambia kila asubuhi kwamba hakuna atokaye, kwamba wote huvumilia, kwamba kuvumilia ndiko kuolewa kwenyewe. Na wewe miezi kumi na minne tu, umekaa kizingitini kwangu umelowa, umetoka. Ningekufungulia ningekuambia nini? Ungenitazama usoni ungeona. Afadhali nikuache kwenye mvua kuliko wewe unione. Huo ndio ukweli, na una sura mbaya.

Barua zako. Hakuziiba. Nilimsomea mimi, mezani, tangu ulipoanza kuziandika. Unajua alivyo, ukimwambia la kwako anatazama dirisha. Lakini siku ya kwanza niliyomsomea barua yako, ile ya Bwana Vipimo kupima urefu wa mishumaa, aliweka kalamu chini. Alicheka hadi akashika meza. Alinitazama mimi, Chiriku, alisema, "Endelea." Basi nikaendelea. Kila ilipofika barua nyingine alivuta kiti karibu. Nilipoishiwa na barua nikamsimulia viatu. Nilikuuza ili nami nisikilizwe, na nilikuuza rahisi.

Sikujua anaandika. Nilijua siku alipoanza kunipa kurasa nichape. Nilizichapa, mistari ya sukari, mishumaa, yote, na sikusema kitu, kwa sababu maneno mengine yalikuwa matamu na nilijua ni yako. Nilipofika kwenye mlango vidole vikagoma. Nilitaka pawe na mahali, hata kama ni pa karatasi, ambapo nilikufungulia. Lile la lulu si langu, hilo ni lake.

Sasa sikiliza. Mchapishaji anatayarisha toleo la pili na ameomba marekebisho. Mwandishi hajui hata penye makosa, kazi hiyo ni yangu. Nimeuandika upya ukurasa wa 112. Nimeukunja humu ndani, lakini mwanzo wake ni huu:

"Dada alisimama nyuma ya pazia. Aliviona viatu. Aliiona bendeji. Alimwona mdogo wake akiupapasa mlango kwa kiganja, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Hakufungua. Saa saba alisikia hatua zikiondoka. Aliingia jikoni akaosha vyombo vilivyokuwa visafi."

Nimemwonyesha Mwandishi. Alisema ni pazuri, akasema ndivyo alivyotaka yeye tangu mwanzo. Kisha akauliza kama wasomaji hawatadhani dada huyo ni mke wake. Nikamwambia ndiyo, watadhani.

Safari hii nakuomba wewe kwanza. Ukikataa nitauchana, na lulu zitaendelea kudondoka hadi kiama.

Dada yako, kama bado


19 Juni

Dada,

Shikamoo, bado.

Nimeusoma ukurasa wako mara tatu. Mara ya nne nilichukua kalamu nyekundu, maana ndiyo kazi yangu. Umeandika vizuri kuliko mumeo. Hakuna mvua ya utakaso, na hakuna anayelia vito vya thamani. Nimesahihisha mahali pamoja. Umeandika niliondoka saa saba. Nilikaa hadi saa tisa. Usinipunguzie.

Uchapishwe. Ya sukari nayo yabaki, wameshayakariri. Ila kuhusu mpishi nakuonya mapema: usimwandike, wala usimsimulie mtu mezani. Huyo ni wangu.

Nimefikiri sana nikuambie nini kuhusu mengine. Siku mbili nilikuwa na hasira hadi nikampa Wakili sifuri kwa insha nzuri, nikalazimika kumwomba radhi mbele ya darasa. Alikubali radhi lakini aliitaka kwa maandishi.

Sikuulizi kwa nini umekaa na mume asiyekusikiliza mpaka umsomee barua za mtu mwingine. Nilikuwa na mume aliyenisikiliza sana, alisikiliza hadi mlio wa kijiko kwenye kikombe, kwa hiyo mimi si wa kutoa mashauri.

Sijakusamehe. Nilidhani nitaandika neno hilo na kalamu ikakataa kama vidole vyako. Lakini kutomsamehe mtu aliye mbali kunachosha. Umbali unakupamba, halafu unakuchafua, halafu unakupamba tena. Nataka nijaribu kutokusamehe ukiwa umekaa mbele yangu, unakula, unalalamika chumvi. Njoo likizo ya Agosti. Mama mwache na mumeo. Ni mtetezi wa wanawake, atamudu.

Barua zangu usizitume. Zilete mwenyewe.

Chiriku


30 Septemba

Mdogo wangu Chiriku,

Marahaba. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu za kweli, na nitazitaja zote.

Ya kwanza ni nyumba niliyoikuta niliporudi. Siku nne tu nilizokaa kwako, na Mama alimfanya Mwandishi apike kila mlo. Na kwa ile miwani niliyomtengenezea mimi mwenyewe, alikuwa anakagua kila sahani kabla ya kuila. Nilipoingia, sufuria moja ilikuwa nyeusi ndani na nje, na Mwandishi amekaa sebuleni hana koti. Aliniambia amepata tajriba kubwa sana. Mama akasema, "Mwambie tajriba yake aisugue kwa mchanga." Ameisugua.

Ya pili ni kwamba nilikuwa nasubiri toleo la pili. Limetoka wiki iliyopita. Ukurasa wa 112 uko kama ulivyousahihisha, na saa tisa ni saa tisa. Mwandishi amehojiwa redioni. Mtangazaji alimuuliza ilikuwaje akathubutu kuubadilisha ukurasa maarufu kama ule. Akasafisha koo, unajua anavyolisafisha, akasema, "Uamuzi huo ulinigharimu miaka mingi ya kutafakari." Nilikuwa nafunga skrubu ya fremu, nikaipoteza sakafuni. Wanasema mwongozo mpya wa mwalimu unatayarishwa, na mlango uliofungwa utakuwa ishara ya vikwazo vya kiuchumi. Mwambie Wakili ajiandae.

Ya tatu ndiyo iliyonichukua muda. Sikujua niandike nini kuhusu siku zile nne. Siku mbili za kwanza hukunipa zaidi ya "pitisha chumvi" na "taulo liko nyuma ya mlango," nami nilikula chakula chako kama mfungwa anayengoja kuitwa jina lake. Siku ya tatu ukasema, "Vaa viatu, tunatoka," na ukanipeleka kwa yule mama mpishi bila kuniambia ni nani. Nilimjua kabla hajasimama. Alinitazama kutoka juu hadi chini, taratibu, kama mimi ninavyokitazama kioo kilichokwaruzwa. Akasema, "Kumbe ndiye wewe." Nikasema ndiyo, ndiye mimi. Nilingoja anifukuze, na angekuwa na haki. Akaingia ndani akarudi na kiti.

Sijawahi kukaa kwenye kiti kigumu kama kile. Mlizungumza ninyi wawili alasiri nzima, mambo ya watu nisiowajua, mkacheka vichekesho ambavyo mwanzo wake sikuwapo. Nilikuwa dada mtu nikakaa kama mgeni, na nikaona ndivyo ilivyopaswa. Tulipokuwa tunarudi ukaniuliza kama nimechoka, ukanishika mkono kuvuka barabara. Najua ulinishika kwa sababu ya magari. Sikuuachia hadi ulipouvuta.

Hukulinena neno lile la msamaha siku ya kuondoka na sikulitafuta. Ulinifungia mkate wa njiani. Nimeula wote.

Mimi na Mwandishi tupo. Umeniambia huulizi, basi nakujibu usichouliza: sijaondoka, na sijaapa kwamba sitaondoka. Ninalala chumba cha Mama tangu nirudi, anasema ninakoroma kidogo kuliko marehemu Baba. Mwandishi anaandika riwaya ya pili. Inahusu upweke wa msanii. Anaichapa mwenyewe, kwa kidole kimoja, na nyumba imekuwa na amani ya kipekee kwa sababu ameshindwa kuvuka ukurasa wa tisa.

Jana barua yako ilifika tukiwa mezani. Niliifungua palepale, nikaanza kusoma moyoni. Mwandishi akaweka kalamu chini. Akavuta kiti chake karibu na changu, akaegemea, akanitazama kwa yale macho niliyoyangojea miaka kumi na mitano.

"Chiriku anasemaje?" akauliza.

Nikaikunja, nikaitia mfukoni.

"Anakusalimu," nikamwambia.

Dada yako